Daktari Naye Hutibiwa Wapi?

Vijana wa kliniki, tangu niwaachie funguo mmekuwa mkiniomba niandike kuhusu kesi ngumu. Kesi ngumu mtazipata wenyewe, wala hazitawachelewesha. Mimi nitaandika juu ya jambo lililonitekenya akili miaka yote niliyofanya kazi hapa mpakani: sisi madaktari wa familia, tunaowaambia watu kula hiki na acha kile, wenyewe tunaishi vipi? Tunakula nini? Tunalala lini? Na tukiugua tunakwenda kwa nani? Mama yangu alikuwa akiniita mdaku tangu nikiwa msichana mdogo, na kusema kweli hakunionea. Udaktari ulinipa tu ruhusa ya kuuliza maswali ambayo ningeyauliza hata hivyo.

Mimi ni wa Busia, upande wa Kenya, lakini kazi nilijifunzia ng'ambo, kwenye kliniki ya Daktari Okecho pale Malaba ya Uganda. Ilikuwa nyumba ndefu ya mabati nyuma ya foleni ya malori, na wagonjwa wake walikuwa madereva, maajenti wa forodha, akina mama wa sokoni na familia nzima nzima kutoka vijijini. Okecho alikuwa mtu wa Kirewa, Mjapadhola, mwenye mwili mkubwa na sauti ya taratibu. Siku ya kwanza niliingia nikiwa nimejiandaa kuulizwa maswali ya malaria. Nilimkuta anakula. Mkono wa kushoto alishika roleksi, ile chapati ya kuviringishiwa mayai, na wa kulia alishika stetoskopu kifuani kwa mzee mmoja. Mezani palikuwa na kikombe cha chai ambayo, nikisema ilikuwa na sukari, nitakuwa naipunguzia. Ilikuwa sukari iliyoloweshwa.

Mgonjwa aliyefuata alikuwa mama mwenye ugonjwa wa sukari. Okecho alimweleza kwa upole mkubwa kwamba sasa chai atainywa kavu, soda aage, na uji asitie chochote. Mama akaitikia huku macho yake yametulia kwenye kile kikombe. Alipotoka nikashindwa kujizuia, nikamuuliza mwalimu wangu, siku ya kwanza hiyo hiyo, kama na yeye ana mpango wa kuaga soda.

"Wewe binti," akasema, "unakuja hapa kutibu watu, ama unakuja kuhesabu vijiko?"

Nikamjibu kwamba vyote viwili nitaviweza. Alicheka mpaka chai ikamwagika, na tangu siku hiyo tukapatana.

Mengi ninayoyajua niliyatoa kwake. Alinifundisha kumtazama mgonjwa tangu mlangoni, kwa sababu namna mtu anavyotembea kuja kwako inasema zaidi ya anavyosema akishakaa. Alinifundisha kupasha mikono moto kabla ya kugusa tumbo la mtu. Alinifundisha pia nisimuulize mgonjwa kama anakunywa pombe, maana hakuna anayekunywa. Niulize, jana ulikunywa na nani? Hapo atakutajia majina yote, hata la shemeji yake.

Malwa pande zile hainywewi peke yako. Ni chungu kimoja katikati, pombe ya wimbi ndani, maji ya moto yanaongezwa kila inapopungua, na watu wamezunguka kila mmoja na mrija wake mrefu. Okecho alikuwa na mrija wake mwenyewe, ameuviringisha ndani ya mkoba wa kazi pamoja na mashine ya presha. Tulipokwenda kutembelea wagonjwa Nabuyoga au Kirewa kwa pikipiki yake, hatukuondoka nyumba yoyote bila kula, na hatukupita chungu chochote bila yeye kukaa. Mwanzoni niliona ni ulafi. Halafu nikaanza kusikiliza. Pale kwenye chungu ndipo mzee mmoja aliponong'ona kwamba mkojo unamtoka kwa matone, na mama mmoja akakiri kwamba vidonge vya presha alivitupa chooni. Ofisini wasingetamka hayo hata uwabane. Kwa hiyo nilibaki na swali ambalo sijalipatia jibu mpaka leo: ule mrija ulikuwa ugonjwa wa daktari au ulikuwa kifaa chake cha kazi?

Baadaye nilirudi Busia nikafungua kliniki yangu, hii mliyonayo ninyi sasa. Udaku haukuniacha. Kila tulipokutana madaktari wa pande mbili za mpaka, kwenye semina au mazishi, wenzangu walizungumza dawa mpya na mimi nikawauliza wamekula nini asubuhi. Mmoja aliniambia chai ya rangi na nusu andazi, nusu nyingine alimwachia mlinzi. Mwingine alikuwa anakimbia kila alfajiri kwa ajili ya moyo, kisha anavuta sigara nyuma ya jengo la wazazi. Mwingine aliyewahubiria watu usingizi, yeye alilala ndani ya gari lake saa ya chakula cha mchana, mdomo wazi, vioo vimefungwa. Niliwauliza pia, presha yako ilipimwa lini na nani? Hapo wote waliangalia pembeni.

Kuna namna yetu ya kutibiana ambayo nadhani hata ninyi mmeshaianza. Daktari anamkuta mwenzake kwenye korido, anamwambia kichwa kinamgonga tangu juzi. Mwenzake hamuulizi lolote, anaingiza mkono mfukoni, anamtolea vidonge. Wote wawili wanaendelea na safari. Mgonjwa akifanyiwa hivyo tungeita uzembe. Sisi tunaita kusaidiana.

Na mambo yakizidi korido, tunavuka. Hilo ndilo lililonichekesha kuliko yote nilipoligundua. Daktari wa Kenya akiugua ugonjwa wa maana anakwenda kutibiwa Tororo, na wa Tororo anakuja Busia yetu, ili mgonjwa wake asimkute kwenye benchi. Siku moja nilikuwa Tororo kwa shughuli zangu, nikapita kwenye kliniki ya rafiki, nikamkuta kwenye foleni daktari mmoja wa upande wetu, mtu mkubwa, amevuta kofia mpaka kwenye nyusi. Aliniambia amekuja kununua samaki. Nilimtakia samaki wema na nikaendelea na safari yangu.

Msidhani mimi nilikuwa tofauti. Niliishi kwa chai na mandazi, chakula cha mchana nilikila jioni, na mara ya mwisho mtu kunifunga kitambaa cha presha mkononi nilikuwa na mimba ya kitinda mimba wangu, ambaye sasa anafuga ndevu. Nilijiona mzima kwa sababu nilikuwa mwembamba. Wagonjwa wakiniambia hoja kama hiyo huwa nawacheka.

Basi, miaka michache kabla sijastaafu, nikamwona Okecho anakunywa maji.

Tulikuwa kwenye semina moja Tororo. Alimaliza chupa yake, akamaliza yangu, akatoka nje, akarudi, akaomba nyingine, akatoka tena. Suruali ilikuwa imemlegea kiunoni na ameikaza kwa tundu jipya la mkanda. Nikamuuliza kulikoni. Akasema ni joto la Tororo. Nje kulikuwa na manyunyu. Nilipomwangalia akitembea kwenda kwenye gari, kama alivyonifundisha mwenyewe, niliona anautupa mguu wa kulia kidogo, kama mtu anayekanyaga godoro.

Nilijua ni sukari. Yeye naye lazima alijua, maana ugonjwa huo ameutibu umri wake wote. Kilichonitesa ni namna ya kumwambia. Huyu alikuwa mwalimu wangu na mkubwa wangu kwa umri, wagonjwa wake walimwita Baba. Ningeanzia wapi kumwamuru avue kiatu? Nilimpigia Sista Apio, muuguzi aliyekuwa naye tangu siku zangu za Malaba, nikamuuliza kama mzee amepimwa. Alinijibu kwamba amejaribu, na kila akishika kile kimashine cha kupimia sukari, daktari anakumbuka ana mgonjwa sehemu. Apio aliogopa. Alisema mume wake alikatwa mguu kwa sukari, na anaijua hiyo harufu.

Harufu. Neno hilo halikuniacha.

Nikavuka siku iliyofuata. Sikumwambia Okecho kwamba nimekuja kumwona yeye. Nilimwambia ukweli mwingine: kwamba mimi sina daktari, umri unakwenda, na sijui nani mwingine wa kumwomba. Nikaketi kwenye kiti cha mgonjwa. Akafunga mlango, akapasha mikono. Kisha akaniuliza nakula nini. Jamani, miaka yote ya kuwauliza watu swali hilo, sikuwa nimewahi kuulizwa. Nilianza kudanganya palepale. Nikasema mboga. Akaniuliza mandazi nakula na nani. Nikacheka, na machozi yakaja, sijui yalitoka wapi. Alinipima presha, akarudia mkono wa pili, akaniambia bila kupepesa kwamba presha ninayo, na huenda ninayo zamani. Ndiyo hii ninayomezea vidonge kila asubuhi, wala siwafichi.

Nilipokwisha kukunjua mkono wa shati nikasimama.

"Sasa tubadilishane viti, Mzee," nikasema.

Alikataa. Akasema yeye yuko sawa, ni uzee tu. Nikabaki nimesimama. Nje watu walikuwa wanangoja, Apio akagonga mlango mara moja akaondoka. Mwishowe akanyanyuka, akaizunguka ile meza taratibu, akakaa kwenye kiti cha mgonjwa, ambacho ni kifupi kuliko cha daktari. Nadhani hakuwahi kukikalia. Nilimuuliza anakunywa malwa na nani, akanijibu kwamba yeye anakunywa kidogo tu. Tukatazamana. Sikuandika.

Kipimo cha sukari kilisoma juu kabisa. Nikamwomba avue viatu na soksi, afumbe macho. Nilitoa kile kiuzi cha nailoni cha kupimia hisia, ambacho unakigusisha kwenye wayo mpaka kipinde, na mgonjwa anasema ndiyo kila anapokisikia. Nikamwambia aseme ndiyo. Nikagusa kidole gumba. Nikagusa vidole vingine, kisha mbele ya wayo, katikati, kisigino. Nikahamia mguu wa pili. Kwenye mguu wa kulia niliona kile nilichokuwa nakiogopa: chini ya kidole gumba kulikuwa na kidonda cha mviringo, kina meno kuzunguka ukingo, cheusi katikati. Okecho alikuwa bado amefumba macho, ametulia, anangoja.

"Binti," akasema, "anza basi."

"Nimemaliza, Mzee."

Alifumbua macho. Hakuangalia mguu, aliniangalia mimi usoni, na nikaona anaogopa. Sikuwa nimewahi kumwona akiogopa. Nilichukua kiatu chake cha kulia nikakigeuza juu chini, kikaanguka kizibo cha soda. Wajukuu wake walikuwa wanacheza drafti kwa vizibo pale barazani anapoacha viatu. Kimoja kiliingia, naye akatembea juu yake siku kadhaa, akizunguka kliniki, akipanda pikipiki, akiwaambia watu wa sukari wakague miguu yao.

Kumbe mwili wa daktari nao haumjui kama ni daktari.

Alikubali dawa. Alikubali kuacha sukari, na kwenye chungu akakubali kukaa bila mrija, ingawa alinung'unika kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Kitu kimoja alikataa katakata, nacho ni kusafishwa kidonda pale Malaba au Tororo. Kila mtu ananijua, alisema, watasema daktari ameshindwa na ugonjwa wake mwenyewe, nani atanisikiliza tena? Akataka aje kwangu Busia, na alikuja hivyo hivyo kama wenzake wote. Alipanda gari mpaka Busia ya Uganda, kisha hakutaka bodaboda ya kumvusha kwa sababu nusu ya vijana wa boda aliwazalisha mama zao. Akavuka mpaka kwa miguu, kofia usoni, katikati ya mikokoteni na watu, akiukanyagia ule mguu ambao haumuumi.

Nilisafisha, nikafunga, nikampa kiatu cha kupunguza uzito. Akija tena, kidonda kimepanuka. Nikasafisha tena. Akija, kimezama zaidi, na bandeji imelowa. Nilipoingiza kichuma cha kupimia kina cha kidonda, kikagota. Ninyi mnajua kinapogota ni mfupa. Nilimpeleka hospitali, wakamtoa kidole gumba. Daktari wa upasuaji alituambia wazi: kidonda hiki kikisafishwa kila siku na mguu ukapumzika, mguu utabaki. Mkiendelea hivi, nikimwona tena nitaukata hapa, akaonyesha chini ya goti.

Kila siku. Na kila siku maana yake ni karibu na nyumbani, kwenye kliniki yake mwenyewe, mbele ya watu wake. Nilimwambia Okecho kwamba kwangu sitamfunga bandeji tena. Lilikuwa neno gumu kwa mtu aliyenifundisha kazi. Nikamwambia kutembea kwake kuja kujificha ndiko kunakomla mguu. Alivaa kofia yake akaondoka bila kuniaga. Nilikaa kliniki kwangu siku nzima sijui nilichowaambia wagonjwa.

Zikapita siku mbili hajapiga simu, wala Apio hapokei. Siku ya tatu nikashindwa, nikavuka kwenda Malaba. Njiani nilijiandaa kwa mabaya.

Benchi la kliniki lilikuwa limejaa. Okecho alikuwa amekaa katikati yake, baina ya mama mmoja mwenye mtoto na dereva mmoja wa lori mwenye buti kubwa. Hakuwa na koti jeupe wala kofia. Mguu wa kulia ameuweka juu ya kigoda, kiatu kimevuliwa, bandeji inaonekana, na pale kidole kilipokuwa panaonekana pia. Mlangoni alisimama Sista Apio, analia na huku anatabasamu. Alikuwa amejaribu kumwingiza kwanza, akaniambia, naye amekataa, amesema yeye ni mgonjwa na atangoja zamu yake kama wagonjwa.

Watu walikuwa wanaangalia ule mguu na kuangalia ukuta. Mwishowe bibi mmoja wa mwisho wa benchi, mmoja wa wale aliowatibu tangu wangali wasichana, akauliza kwa upole, kama mtu anayeulizia msiba.

"Baba, hata wewe?"

"Hata mimi," akasema Okecho. "Hii sukari nilikuwa nayo, nikanyamaza. Kizibo ya soda iliingia kwa kiatu, mimi natembea tu. Hapana sikia kitu. Hii mguu ilikuwa inakufa na mimi naangalia miguu ya watu."

Bibi akatikisa kichwa. Kisha akainama, akavua kandambili zake, akageuza wayo mmoja na kuukagua kwenye mwanga wa mlango. Mama mwenye mtoto akampa mtoto Apio ashike, naye akavua. Nikawaona wanavua mmoja mmoja, bila mtu kuwaambia, mpaka sakafu ikajaa viatu. Aliyebaki ni yule dereva. Alikuwa ametazama buti zake muda mrefu. Alisema amekuja kwa macho tu, macho yanamwonyesha ukungu barabarani. Halafu akafungua kamba.

Buti ilitoka kwa shida. Soksi haikutoka. Ilikuwa imegandana na kisigino, ngumu, ya rangi ya kahawia, na harufu ikafika mpaka nilipokuwa nimesimama. Dereva aliivuta kwa nguvu, ngozi ikaja nayo, uso wake haukubadilika hata kidogo. Akainua kichwa akatutazama sisi, mmoja baada ya mwingine, ili ajue kutoka kwenye nyuso zetu kuna nini kule chini.

Okecho alikuwa ndiye anayefuata kuingia. Akateremsha mguu wake kutoka kwenye kigoda, akamsukumia dereva kile kigoda.

"Sista," akasema, "huyu aingie mbele yangu."